Pikipiki Chini ya Kofia ya Kihenge

Pikipiki ikilala nje, anayeiua mara nyingi ni mwenyewe. Mvua inasingiziwa tu. Ataifunga nailoni kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, ataikaza kwa kamba za katani, kisha atakwenda kulala akijua ameihifadhi. Jua likitoka, nailoni inatoa jasho kwa ndani, jasho linateremka kwenye rimu na cheni, na baada ya miezi mitatu ananiletea mzigo wa kutu na kuniuliza nani kamroga. Nimefanya ufundi Bunda tangu mwaka wa sabini na nne, na hasira yangu juu ya nailoni haijapoa hadi leo.

Kwa hiyo Februari ya mwaka 1985, alipokuja kibandani kwangu mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa kwa msiba, akaniambia ana pikipiki itakayolala nje mwaka mzima na hataki kuifunika nailoni, niliweka spana chini.

"Kwa nini hutaki nailoni?" nikamuuliza.

"Pamba ukiifunikaga nailoni inaoza," akasema. "Nikadhani na chuma ni hivyohivyo."

Jina lake lilikuwa Dafroza, mzaliwa wa Bugwema, ameolewa Guta. Mumewe, Florian, alikuwa karani wa chama cha ushirika. Mwezi Januari Florian alirudi nyumbani na homa, akaiegesha pikipiki katikati ya uwanja, akaingia ndani, na siku ya tatu akafa. Pikipiki ikabaki palepale alipoiacha.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mambo. Katika ukoo ule, kitu ambacho marehemu alikishika mwisho kikabaki nje, kinakaa nje hadi matanga yaishe. Hakiingii chini ya paa la nyumba na hakitumiki. Matanga ya mtu mzima yalimalizwa baada ya mavuno kuingia ghalani, yaani Desemba. Haikujalisha kwamba kadi ya pikipiki ilikuwa na jina la Dafroza mwenyewe. Ndiyo, la kwake. Enzi zile fedha peke yake hazikukupa pikipiki. Ulihitaji kibali, na kibali kilitolewa kwake mwaka 1981 alipochaguliwa mkulima bora wa pamba wa kata. Yeye alilima, yeye akapata, Florian akaendesha, naye akakaa nyuma na vikapu. Wanaume tulivyo, hakuna aliyeona ajabu.

"Na wewe unaitunza ya nini?" nikamuuliza, maana mdomo wangu haujui kukaa kimya. "Si ukoo utakuja kuichukua?"

"Nataka ikute Desemba ikiwa nzima," akasema. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikuendelea.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Guta kwa baiskeli. Msinicheke. Petroli ilikuwa haionekani, na fundi wa pikipiki kwenda kazini kwa baiskeli lilikuwa jambo la kawaida kabisa mwaka ule. Nilimkuta baba mkwe wake, mzee Masatu, amekaa kwenye kigoda mbele ya pikipiki kama anayelinda mgonjwa. Nilimweleza kwamba magurudumu yakikaa kwenye udongo mwaka mzima yatapasuka, na kwamba nataka kuipandisha juu ya matofali palepale ilipo.

Mzee aliyatazama magurudumu. "Kuinua si kuhamisha," akasema. "Iinue. Lakini isitoke hapo hata hatua moja. Kuitunza mtatunza, kuitumia hapana."

Tukaipandisha juu ya matofali. Nikamwaga petroli iliyobaki kwenye tangi, nikazungusha humo oil kidogo ili kutu isianze kwa ndani. Nikafungua plagi, nikatia kijiko cha oil kwenye silinda. Oil yenyewe ilikuwa chafu, nimeiomba kwa mwenye mashine ya kusaga, kwa sababu dukani ulikuta makopo ya rangi na mwenye duka anayepiga miayo. Nikamwonyesha Dafroza namna ya kuikandamiza kiki kwa mguu polepole, mara moja kwa wiki, swichi ikiwa imezimwa, ili pistoni isigande. Nikamwonyesha kupaka cheni. Alikuwa haulizi kitu mara mbili.

Kilichotushinda ni kifuniko. Turubai halikupatikana Bunda wala Musoma. Nilisema tushone magunia. Akasema gunia litakunywa maji na kuyatunza. Nilisema basi mikeka ya mafunjo. Akasema upepo wa ziwani utaichukua wiki ya kwanza. Nilianza kukasirika, maana fundi ni mimi. Yeye akageuka, akatazama upande wa vihenge.

Kihenge cha kwao huwekwa kofia ya nyasi juu, kofia nzito ya mviringo iliyosukwa kwa fito, na ukitaka nafaka unainyanyua upande mmoja kwa mti. Maji hayapiti, lakini hewa inapita chini yake saa zote. Ingekuwa haipiti, uwele ungeota humohumo. Dafroza alikuwa na kihenge kimoja kilichokuwa kitupu tangu mwaka wa njaa. Akasema tuchukue kofia yake, tuisuke upya iwe ndefu kutosha pikipiki, tuisimamishe kwenye nguzo nne fupi juu ya pikipiki.

Silasi, mdogo wake Florian, alikuwa amesimama pembeni. Huyu alikuwa na mke mmoja kule Nyasura na mdomo wa watu wanne. Akapinga. "Hilo ni paa. Mmesema isiingie chini ya paa."

Mzee Masatu akamwuliza, "Umeshawahi kuona mtu analala kwenye kihenge?"

"Hapana, baba."

"Basi kihenge si nyumba."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na nakiri kwamba sijaona banda la pikipiki zuri kuliko lile. Mvua za Machi zilikuja, za Aprili zikazidi, na kila nilipokwenda nilipitisha kidole kwenye spoku nikakuta pakavu. Kila asubuhi yenye jua Dafroza alinyanyua kofia upande mmoja kwa mti, akaiacha pikipiki ipate hewa, na jua likianza kuwa kali akaishusha ili siti isipasuke. Kuku walipoanza kutaga kwenye siti aliwafukuza kwa matusi ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mtu wa kwaya. Panya walipotafuna waya mmoja alisaga pilipili kichaa, akaichanganya na ile oil chafu, akapaka waya zote. Mimi sikumfundisha hilo. Sasa nawafundisha wengine kama langu.

Nilikwenda Guta kila wiki. Mwanzoni kulikuwa na sababu. Kufika Julai sababu zilikuwa zimekwisha, na mimi nilikuwa bado naendesha baiskeli kwenda huko, nimefua shati, na ilikuwa miezi ambayo kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi kikagawanywa nyumba tatu. Nilimpenda. Niseme hivyo tu, sina haja ya kuzunguka. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, mke wangu wa kwanza alikuwa amerudi kwao Tabora miaka sita nyuma, na nilipenda namna Dafroza alivyokuwa akiinama kusikiliza injini ninapoikandamiza kiki, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Sikumwambia. Nilimuuliza habari za cheni.

Tatizo lake nililijua, kwa sababu Guta nzima ililijua. Mume akifa, ndugu yake anamrithi mjane. Padri alikemea jambo hilo kila Jumapili, ukoo ukaitikia amina, na Jumatatu ukoo ukaamua unavyotaka. Desemba, siku ya kumaliza matanga, Silasi angekabidhiwa nyumba ya Dafroza na Dafroza ndani yake. Yeye na Florian hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo njia ya kutoka ilikuwepo, moja tu: ng'ombe wa mahari warudi. Walikuwa kumi na wawili. Baba yake, mzee Bernado wa Bugwema, alibaki na ng'ombe wawili tu baada ya ugonjwa kupita kwenye zizi, na mmoja kati yao alikuwa kilema.

Mwezi Oktoba Silasi alikuja kibandani kwangu kuziba pancha ya baiskeli. Akakaa kwenye tairi bovu, akaanza kuzungumzia pikipiki: ataipaka rangi ya bluu, ataifunga kioo cha pembeni, atakwenda nayo Butiama kwa shemeji zake wamuone.

"Na mama mwenyewe?" nikamuuliza.

Akacheka. "Fundi, ukipenda boga, penda na ua lake. Anayechukua pikipiki ndiye anayechukua na mama. Ingekuwaga hakuna pikipiki, mimi wa nini na mke wa pili? Huyu wa Nyasura peke yake ananitosha makelele."

Niliziba ile pancha vizuri kuliko ilivyostahili, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inafikiri kitu kingine. Kumbe kinachomleta Silasi ni pikipiki! Basi pikipiki ikifa, Silasi hana haja, na Dafroza atabaki na shamba lake na kichwa chake. Na mtu gani anaweza kusema pikipiki imekufa watu wakakubali? Fundi. Nilikaa na wazo hilo hadi Desemba, na kila siku lilinionyesha mimi kuwa mtu mwema zaidi. Jina langu lingeumia, hilo nililijua. Bunda walikuwa wakisema hakuna pikipiki iliyoshikwa na Nassibu ikakataa kuwaka. Nikaona ninatoa sadaka kubwa, nikajisikia vizuri sana.

Siku ya kumaliza matanga ilipofika nilipeleka petroli kwenye chupa ya soda. Wakati huo maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, sabuni ipo, na stendi ya Bunda watu walikuwa wanauza mitumba waziwazi bila kutazama nyuma. Nilifika mapema, kabla ya wazee, nikaikagua. Ilikuwa nzima kama mbegu ya akiba. Nilitia petroli tangini, nikaifunga koki ya mafuta iliyo chini ya tangi, nikafuta vidole, nikakaa kusubiri.

Wazee walikuja, wanawake wakakaa upande wao karibu na jiko, Dafroza katikati yao amevaa kanga mpya, amefunga kitambaa kichwani. Mila za asubuhi zilikuwa zimeshafanyika kaburini. Vijana wakaondoa kofia ya kihenge, na watu wakaguna kwa mshangao, kwa sababu walitegemea kuona kutu na waliona tangi jekundu linang'aa. Mzee Masatu akanipa ishara niiwashe.

Nilipiga kiki. Nikapiga tena. Koki ikiwa imefungwa, kabureta tupu, ungeweza kupiga hadi Krismasi. Nilipiga mara kumi na moja, nikatoka jasho la kweli, nikafungua plagi nikaitazama kwa huzuni kama daktari, nikairudisha, nikapiga tena mara tatu. Kisha nikasimama wima, nikasema mbele ya watu wote:

"Mzee, imekufa. Maji yameingia ndani ya injini. Hiki sasa ni chuma chakavu."

Silasi akatema mate pembeni. Nikageuka upande wa wanawake ili Dafroza anitazame na aelewe.

Alikuwa amesimama. Shangazi Mbuke, dada yake mzee Masatu, alikuwa amemshika kiunoni asianguke.

Mzee Masatu akasema bila kupandisha sauti.

"Mwanangu Dafroza, mimi na wewe tulikuwaga na neno letu. Sasa nalisema mbele ya watu. Nilikuambia hivi: ng'ombe zetu kumi na mbili, kwa Bernado hazipo, tunajua. Lakini pikipiki hii ni jasho lako, karatasi yake ina jina lako. Nikasema ikipita matanga ikiwa nzima, ukoo utaichukua mahali pa ng'ombe, na wewe utakwenda unakotaka. Nikakukataza kusema kwa mtu, kwa sababu hapa kuna watu wana mikono mirefu, wangeiharibu." Akamtazama Silasi. "Umeitunza, nimeona kwa macho yangu. Sasa fundi anasema imekufa. Mimi nitafanyaje? Chuma chakavu siwezi kukihesabu ng'ombe. Jumamosi Silasi ataingia nyumba hii."

Silasi akainua mabega. Alikuwa amekosa boga, lakini ua hakulikataa.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, nimesikia hivyo tangu chuo cha Kurani. Nilitakiwa kusema palepale: mzee, nimefunga koki, nimedanganya. Maneno manne au matano. Lakini fundi aliyesema uongo kwenye matanga ya watu haishii kutozwa faini. Haitwi tena popote kuanzia Guta hadi Musoma. Nililiweka jina langu upande mmoja na maisha ya Dafroza upande wa pili, na nakiri kwamba nilichukua muda mrefu mno kupima. Zile sadaka nilizokuwa nikijisifia Oktoba na Novemba sikuziona zilikokwenda.

Dafroza hakusubiri. Alijitoa mikononi mwa Mbuke, akavuka uwanja mbele ya wazee, jambo ambalo mjane hafanyi siku ile, akaja hadi kwenye pikipiki. Akainama kama alivyokuwa akiinama siku zote, lakini safari hii alinusa. Pikipiki iliyopigwa kiki mara kumi na nne bila kuwaka hunuka petroli. Hii haikunuka chochote. Akapeleka mkono chini ya tangi, akaishika koki, akanitazama.

Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, na sitaki tena.

"Fundi amesahau kufungua koki," akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

Akaifungua. Akangoja mafuta yashuke, midomo yake ikihesabu. Akaifunga kanga vizuri kiunoni, akapandisha mguu. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikawaka, na oil yote tuliyoitia kwa miezi kumi na moja ikatoka kwenye ekzosi kuwa moshi mweupe uliowakimbiza kuku na wazee wawili. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha uwanja mzima ukanicheka. Mzee mmoja aliuliza kama ufundi nilisomea au niliota. Nilistahili zaidi ya hayo, na waliocheka hawakujua hata nusu.

Dafroza aliiacha ingurume kwa muda, akaizima, akachomoa ufunguo. Akampelekea mzee Masatu kwa mikono miwili, amepiga goti.

"Ng'ombe zenu hizi hapa, baba."

Mzee akaupokea. "Nenda salama, mwanangu," akasema. Ufunguo akautia mfukoni mwake mwenyewe. Silasi alikuwa ameshanyoosha mkono.

Mchana huohuo Dafroza aliondoka. Nilimkuta barabara kuu, upande wa magari ya Musoma, ana kikapu kimoja na furushi. Nilishuka kwenye baiskeli nikasimama mbele yake, nikamwambia yote: kwamba koki sikuisahau, niliifunga kwa makusudi, kwamba Silasi alisema anayechukua pikipiki anachukua na mama, kwamba niliona pikipiki ikifa, yeye atapona.

"Ukaona," akasema.

"Nilitaka kukuokoa, Dafroza."

"Nilijua ni makusudi. Wewe hukuwaga mtu wa kusahau koki." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Miezi kumi na moja umekuja pale. Umeniuliza cheni, umeniuliza panya, umeniuliza oil. Siku moja tu uliniuliza ninaitunza ya nini, nikakujibu nataka ikute Desemba ikiwa nzima. Nilikuambia, fundi. Hukuniamini tu."

Nilisema ni kweli. Na kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kupoteza, nikamwambia na lile lingine: kwamba nilikuwa nampenda, tangu Julai, pengine tangu Februari.

Lori la pamba lilikuwa linakuja kutoka upande wa Bunda. Alinyoosha mkono kulisimamisha, kisha akanigeukia.

"Na hilo," akasema, "ulikuwa unangoja nani akuulize?"

Lori lilisimama. Nikamnyanyulia kikapu, akapanda.